Miss kwa Kijerumani

...lakini miss ni miss tu, neno moja la Kiingereza, limemtosha Mutheu miaka yote, mbona Wajerumani wamelipasua vipande, na Mwalimu Gachau amesimama ubaoni anamngoja, darasa zima la manesi linamngoja, nje Thika inapiga kelele zake, na sentensi yenyewe fupi, I missed my father, chagua, verpasst au vermisst, ya kwanza ni ya basi, mwalimu ameshaeleza, umefika steji limeondoka, ya pili ni ya moyo, mtu hayupo na chakula hakishuki, na kwa nini father, si angeandika hata shangazi... jana baba yake, mzee Nzioki, alitoka Kilimambogo mpaka kwake Gitothua, yeye ambaye hajakanyaga hapo tangu Mutheu akatae kuolewa na Kyengo, akakaa kwenye ngazi za ploti na mfuko wa mbaazi mapajani, na Mutheu alikuwa papa hapa darasani, simu imezimwa, aliporudi jirani yake Becky akamwambia, "Babako amengoja sana. Amesema ni sawa tu," sawa nini, amesamehe au amechoka, Becky hakuuliza, basi ni verpasst, walipishana, na basi lingine huja, Jumapili ataenda... kumwambia nini, kwamba mwezi ujao anahamia Ujerumani kutunza baba za watu, kuwaogesha, kuwakata kucha, na za wake hajui nani anazikata tangu mama afariki, "Mutheu?" mwalimu anasema, bila ukali, na vermisst haiwezi kuwa, aliyekuambia usirudi kwangu humkosi hivyo, amejiambia hivyo mpaka akazoea, ila Kiswahili nacho, kumkosa baba na kumkosea baba, herufi moja tu katikati... na kuna neno la tatu, fehlen, alilisoma kitabuni akalipita haraka, er fehlt mir, yeye ananipungukia, hapo Wajerumani wamegeuza sentensi nzima, asiyekuwepo ndiye anayetangulia, ndiye anayetenda, wewe umekaa tu unapungukiwa, hata ukikataa, hata ukicheka na wenzako kazini, kila siku baba anapungua kwako na hukuombwa ruhusa... mwanafunzi mwenzake Maluki anakohoa nyuma, kalamu ya mwalimu bado iko juu, na Mutheu anajua atasema verpasst, ndilo lililotokea jana, kisha atashuka aende steji ya Kilimambogo, si Jumapili, leo, na habari ya Ujerumani ataitoa akiwa bado amesimama mlangoni, kabla baba hajamwambia karibu.