Kifuniko cha Kikopo cha Kumi na Mbili

Mtaani walimwita Bibi Vifungo, kwa sababu alishona nguo za watu miaka arobaini na hakuwahi kutupa kifungo hata kimoja. Macho yalipochoka aliifunika cherehani kwa kitambaa, lakini vifungo alibaki navyo. Alivipanga dirishani ndani ya vikopo vya kioo vyenye vifuniko vya rangi ya dhahabu: vyeupe vya mashati kimoja, vyeusi vya makoti kingine, na vya watoto, vyenye umbo la maua, kivyao. Vikopo vilikuwa kumi na kimoja, na vyote vilitoka kwa mjukuu wake.

Mjukuu huyo alikuwa mpambaji. Alikodi chumba kimoja nyuma ya kituo cha mafuta, akaweka kioo kirefu, viti viwili na kabati, akaanza kuhudumia nyuso za wanawake wa mtaa. Alitumia krimu ya aina moja tu, na kila kikopo kilipokwisha alikiosha kwa maji ya moto, akakikausha, akampelekea bibi yake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Siku moja tu alimkuta bibi anaokota vifungo sakafuni, mfuko wa nailoni umetoboka, na tangu siku hiyo vikopo vikawa vinakuja.

Miwani pia ni yeye aliyeinunua. Na simu ni yeye aliyemfundisha, jioni baada ya jioni, bila kuguna. Bibi alisoma polepole, kidole kikitambaa chini ya kila neno na midomo ikicheza.

"Bibi, unasoma kama mtu anayetafuta chawa," mjukuu alimtania.

"Na akiwepo nitampata, mke mwenzangu. Wewe cheka tu."

Sasa, wiki ile mjukuu alikuwa na shida. Mteja wake mmoja, muuguzi, alikuwa anaolewa Jumamosi. Ngozi ya yule dada ilikuwa laini kupita kiasi. Kitu kidogo tu kikimgusa, uso unavimba na kutoka vipele. Alishatembea kwa wapambaji wanne, na kila mmoja alimrudisha nyumbani analia. Ni mjukuu huyu aliyekaa naye miezi mitatu, akijaribu kidogo kidogo nyuma ya sikio, mpaka akapata krimu ambayo uso ule uliikubali. Muuguzi alikuwa amemwambia, "Siku yangu ya harusi uso wangu naukabidhi kwako." Halafu Jumatatu, wakala aliyekuwa akimuuzia krimu hiyo akasema imekwisha, mzigo mwingine ungefika Ijumaa, ukifika.

Bibi alimsikia mjukuu akiyasema haya huku anaosha vyombo, sauti imepungua. Mjukuu alipoondoka, alivaa miwani, akaingia mtandaoni peke yake kwa mara ya kwanza. Akaandika jina la krimu herufi kwa herufi, akilinakili kutoka kwenye kikopo cha vifungo vya mashati.

Na kweli, akaliona duka. Picha ilikuwa ileile, kifuniko kilekile cha dhahabu, bei nusu. Juu yake saa nyekundu ilikuwa inahesabu kurudi nyuma: punguzo linaisha baada ya dakika tisa. Moyo ukamwenda mbio kama mtu anayekimbilia basi. Siku hiyo kidole hakikutambaa chini ya maneno, kiliruka. Alinunua vikopo vinne kwa akiba yake ya mwisho ya ushonaji, akaketi kitini akitabasamu peke yake.

Mzigo ulifika Jumatano. Mjukuu alipopita kumjulia hali akakuta vikopo vinne vimepangwa mezani juu ya kitambaa safi.

"Bibi! Umevitoa wapi?"

"Mtandaoni. Unadhani ni ninyi tu mnaojua?"

Mjukuu alimkumbatia mpaka miwani ikapinda. Palepale akatoa mkobani bakuli lake la kazini, lile la udongo mweupe lenye mfuniko. Ndivyo alivyozoea kufanya: krimu aliihamishia kwenye bakuli ili aichote kwa kijiko, vidole visiingie kwenye kikopo. Akahamisha kikopo cha kwanza, akakiosha, akakiacha dirishani.

"Cha kumi na mbili hicho," akasema. "Kesho saa nne muuguzi anakuja kuanza. Nitamwambia bibi yangu ndiye aliyeokoa harusi."

Usiku ule Bibi alilala kama mtoto aliyeshiba.

Asubuhi alikumbuka kikopo cha vifungo vya makoti. Kifuniko chake kilikuwa kimepasuka tangu kilipodondoka. Akachukua kifuniko cha kile kipya akakiweka juu yake, akazungusha. Kikazunguka bure. Akakibonyeza, akazungusha tena. Kikazunguka bure vilevile, hakikushika. Akajaribu kinyume: kifuniko cha zamani kwenye kikopo kipya. Kikaingia nusu, kikakwama upande.

Bibi akakaa chini. Vile vikopo vingine kumi na kimoja alikuwa amevichanganya vifuniko mara ngapi? Kila anapovipangusa vumbi! Na kila kifuniko kilikaa kwenye kikopo chochote, mizunguko miwili na kituo. Kwa miaka arobaini mikono yake ilijua vitu vilivyokatwa kwa kipimo kimoja na vitu vilivyokatwa kwa kukisia.

Labda kiwanda kimebadilisha, akajiambia. Akamimina chai. Akaiacha ipoe.

Akaivuta simu, akalifungua lile duka tena. Safari hii kidole kilitambaa.

Saa nyekundu ilikuwepo. Punguzo linaisha baada ya dakika tisa. Jumatatu dakika tisa, Alhamisi dakika tisa! Akashuka chini kwenye maoni ya wanunuzi, ambayo Jumatatu alikuwa ameyaruka. Mwanamke wa kwanza alisema: "Tangu nianze kutumia, mume wangu ananitazama upya." Wa pili naye, mume wake alikuwa anamtazama upya. Wa tatu vilevile, neno kwa neno, na wote waliandika siku moja. Wa nne, kwenye picha yake, alikuwa na ndevu. Bibi alisogeza simu karibu na pua, akafuta miwani kwa kanga. Zilikuwa ndevu kweli, nyingi, na mume wake alikuwa anamtazama upya.

Angecheka, kama si kumfikiria muuguzi.

Akatafuta anwani. Palipotakiwa kuandikwa mtaa waliandika "Mjini" tu. Akapiga namba; haikupatikana. Akaandika ujumbe: "Habari za asubuhi. Duka lenu liko mtaa gani?" Jibu likaja papo hapo: "Asante mpendwa! Wahi sasa, punguzo linaisha!" Akaandika tena, akauliza krimu wanaipata kwa nani. "Asante mpendwa! Wahi sasa, punguzo linaisha!" Bibi akafikiri kidogo, akaandika: "Mwanangu, wewe ni mtu?"

"Asante mpendwa! Wahi sasa, punguzo linaisha!"

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro robo. Alimpigia mjukuu, simu iliita mpaka ikakatika, maana akiwa na mteja huizima sauti. Bibi akatia kikopo cha vifungo vya mashati mkobani, na kile kipya, akatoka.

Njiani miguu ilitaka kwenda haraka, lakini kuna kitu kilikuwa kinaivuta nyuma. Ilikuwa aibu, na Bibi aliijua. Alikuwa anaenda kuharibu zawadi yake mwenyewe, mbele ya mteja, baada ya kusifiwa. Alijua pia kwamba angeweza kurudi nyumbani. Huenda krimu isingemdhuru mtu. Huenda. Akauona uso wa yule dada ukiwa umevimba chini ya shela, akaongeza mwendo.

Alipofungua mlango, muuguzi alikuwa ameegemea kitini, taulo kichwani, uso umeshaoshwa, macho amefumba. Mjukuu alikuwa ameshika kijiko, na kijiko kilikuwa na krimu.

"Usimpake," Bibi akasema. Pumzi ilikuwa imemwishia.

"Bibi, shikamoo. Kuna nini? Nina mteja."

"Marahaba. Weka kijiko chini, mwanangu. Hiyo krimu niliyonunua siyo."

Muuguzi akafumbua jicho moja. Mjukuu akaona aibu, akacheka kicheko cha kuficha mambo. "Bibi jamani, siyo vipi? Ndiyo ileile."

Bibi hakubishana. Alimwaga vifungo vya mashati kwenye taulo iliyokuwa mezani, akaweka vikopo viwili bega kwa bega, akampa vifuniko. "Funga mwenyewe."

Mjukuu akazungusha. Akazungusha tena. Kile kicheko kikaisha. Akainua kikopo cha zamani akakipindua: namba za toleo zilikuwa zimechapwa chini, hazitoki hata kwa kisu. Akapindua kipya, akapitisha ukucha. Namba zikabaki kwenye ukucha. Akavitoa kabatini vile vitatu vingine. Vyote vilikuwa na namba ileile ya kufutika, na mahali pa kutaja vilivyomo ndani hapakuwa na kitu, ua tu lililochorwa.

Muuguzi alikuwa ameshainuka, anatazama juu ya bega lake. "Wodini kwetu mwezi uliopita alilazwa mama mmoja," akasema polepole. "Uso ulikuwa umebabuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Krimu yake ilikuwa na ua hivihivi."

Mjukuu akaketi kwenye kiti cha pili.

"Harufu niliisikia jana," akasema, bila kumtazama mtu. "Ilikuwa kali kidogo. Ningenunua mwenyewe ningekagua kila kitu, Bibi, namba, karatasi, muuzaji, vyote. Lakini ilitoka kwako. Niliona kukagua zawadi yako ni kama kukuvunjia heshima."

"Basi univunjie," Bibi akasema. "Kuanzia leo, nikikuletea hata maji, yanuse kwanza."

Muuguzi ndiye aliyecheka kwanza, akishika taulo isianguke, na wenzake wakashindwa kujizuia. Bibi akawaeleza habari ya mwenye ndevu, na mpambaji akacheka mpaka akafuta machozi, ambayo hayakuwa yote ya kicheko.

"Sasa uso wako tunaufanyaje?" mjukuu akamuuliza muuguzi. "Kwa wakala hakuna mpaka kesho. Ukitaka kwenda kwa mtu mwingine nitaelewa."

"Niende wapi? Nimekuja hapa kwa sababu ya mikono yako. Leo nikande kwa maji ya uvuguvugu tu, kesho tusubiri mzigo. Ukikosekana nitaolewa na uso huuhuu, bwana wangu aliupenda bila kupakwa." Akamgeukia Bibi. "Na vikopo hivi, mama, nipe nivipeleke kwa wakaguzi wa vipodozi. Nawajua, wanakuja hospitalini kuchukua vielelezo."

Akaokota pia vifungo vyote kutoka kwenye taulo, kimoja kimoja, akavirudisha kikoponi. Hakuombwa. Bibi aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Mzigo wa wakala ulifika Ijumaa alasiri. Mpambaji aliukagua dukani mbele ya wakala, akafunga na kufungua kila kifuniko mpaka yule bwana akauliza kama ameajiriwa na kiwanda. Jumamosi muuguzi aliolewa, uso wake laini na mtulivu, na kipele hakikuonekana hata kimoja. Bibi alikaa safu ya tatu na kuuchunguza vizuri. Alikuwa amevaa miwani.

Fedha yake haikurudi. Wakaguzi walimpigia simu mara mbili, wakamuuliza maswali, akawasomea yale maoni kwa sauti, kidole kikitambaa. Baada ya siku chache duka lile lilifungwa. Likafunguka jingine lenye picha zilezile, na Bibi akalitambua kwa yule mwenye ndevu, ambaye mume wake bado alikuwa anamtazama upya. Akawapigia wakaguzi yeye mwenyewe.

Siku hizi alasiri hukaa kwenye kile kiti cha pili. Wateja wakisubiri humpa simu zao: "Bibi, nisomee hili duka kabla sijanunua." Naye husoma lote, mpaka chini kabisa, na hakuna anayemharakisha.

Wiki iliyopita muuguzi alikuja na koti lake la kazini, kifungo kimekatika. Mjukuu alikuwa amemaliza kikopo asubuhi ile, ameshakiosha na kukikausha. Bibi alichagua kifungo cheupe, akakishona, akahamishia vilivyobaki kwenye kikopo kile kipya, na kukifunika kwa kifuniko cha kikopo cha zamani. Mizunguko miwili. Kikakaa.