Swali la Sita

Kundi la Awinja lilirudi likiwa limepungukiwa na mtu mmoja.

"Chepng'etich yuko wapi?" aliuliza Madam Quinter.

Wasichana wakatazamana. Awinja alikikumbatia kishikwambi kifuani. "Tulidhani ako nyuma yetu, Madam."

Uwanja ulijaa kelele. Makundi mengine ya gredi ya nane yalikimbia kutoka tangi la maji hadi ukuta wa jikoni, yakisaka karatasi zenye msimbo wa QR. Ukiuskani kwa kishikwambi, swali la sayansi linatokea kwenye kioo. Ukijibu, unaelekezwa kwenye karatasi nyingine. Quinter, mwalimu mgeni hapa Lumakanda, alikuwa ameuombea mchezo huu ruhusa muhula mzima. Mwalimu mkuu, Bwana Wanzala, alikubali kwa sharti moja: asitoke mtoto nje ya ua.

"Mlimwacha wapi?"

"Kwa ua, Madam. Karatasi ya sita hatukuipata."

Quinter aliibandika mwenyewe asubuhi, kwenye nguzo ya mwisho, kwa gundi iliyokuwa ikiisha. Ng'ambo ya ua kulikuwa na mahindi marefu kupita mtu, yakiteremka hadi mtoni. Na mto ulikuwa umefura.

Akakimbia.

"Chepng'etich!"

Mahindi yalichakarika tu. Msichana huyo alihamia majuzi kutoka Likuyani, na tangu aje, Quinter hajamsikia akisema zaidi ya "ndio". Hata akisikia, ataitika?

Bwana Wanzala alifika akihema. "Madam, nilikwambia nini?" Kisha akavua koti, akalitundika kwenye waya wa ua. "Shika upande wa mto. Mimi napita huku."

Quinter alipenya chini ya waya, gauni likararuka. Majani yalimkwaruza uso. Alijaribu kufikiria atakavyomwambia mama wa mtoto, na maneno yakakatika kila alipoyaanza. Ukingoni maji ya rangi ya udongo yalipita kwa kasi, yamebeba matawi. Alikodoa macho kila tawi lilipoibuka.

Nyuma yake mahindi yakatikisika.

Chepng'etich alitokea, matope hadi magotini, karatasi mkononi. "Upepo uliichukua. Nikaifuata."

"Hukunisikia nikikuita?"

"Nilisikia." Aliinamisha kichwa. "Niliogopa utanigombeza."

Quinter alitaka kumgombeza, akataka kulia, akajikuta ameketi kwenye tope. Sauti ya Bwana Wanzala bado ilikuwa ikiita mbali.

"Tumempata, Mwalimu!"

Jibu likaja, kwa sauti iliyokwaruza: "Asante Mungu." Kisha: "Huo mchezo umekwisha, Madam. Kusanya vishikwambi."

"Sawa, Mwalimu."

Walirudi wakifuata mstari mmoja wa mahindi. Chepng'etich alijaribu kuipangusa karatasi kwa sketi, lakini wino ulizidi kusambaa.

"Madam, hii ingeuliza nini?"

Quinter aliitazama karatasi. "Kwa nini mche uliofungiwa gizani hurefuka haraka kuliko ulio juani?"

Msichana akasimama. Midomo yake ilicheza bila sauti, kisha akavuta pumzi. Quinter naye akasimama, akangoja jibu.