Limi Alivyopanda Baiskeli

Duka la Mumtaz pale Buseresere lilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulitazama barabara ya Biharamulo na ulikuwa wa sabuni, vitenge na mafuta ya taa. Wa uani ulikuwa wa vyuma vya baiskeli. Limi aliingia kwa mlango wa uani asubuhi ya siku ya gulio, kiangazi cha mwaka 1998, mvua kubwa zilizobomoa makalavati zikiwa zimeshasahaulika na barabara ya kwenda ziwani imemwagiwa moramu mpya. Alivua kandambili, akasalimia, akasema anataka baiskeli.

"Si mnayo ya marehemu Baba Minza?" Mumtaz aliuliza.

"Shemeji kaichukua."

Habari hiyo Mumtaz alikuwa anaijua. Msiba ulipoisha, Masele, mdogo wa marehemu, alikuja na wazee wa ukoo, akachukua ng'ombe, redio na baiskeli. Limi akaachiwa nyumba na shamba la ukingoni mwa mbuga, alitunze kwa niaba ya ukoo. Hakuna aliyeita jambo hilo wizi. Liliitwa utaratibu, na chakula kililiwa.

Limi hakuwa akiililia redio. Binti yake wa pekee, Minza, alikuwa ameolewa Kasenyi, kijiji cha ufukweni, na alikuwa mjamzito. Kwa miguu ni safari ya kutwa nzima, tena kwa mwenye magoti mazima. Mimba ya kwanza ya Minza ilitoka Limi akiwa bado njiani, amekaa juu ya kalavati anakanda magoti. Alifika usiku, akakuta wanawake wa jirani wameshafua mashuka. Hii ya pili aliapa atakuwepo.

Mumtaz alimtazama, kisha akavuta kutoka nyuma ya magunia fremu ya zamani iliyoliwa na kutu, haina magurudumu, haina hata breki.

"Chukua hii, Mama Minza. Inanijazia uwanja tu. Vingine vitapatikana taratibu. Wewe usiogope, panda tu. Ukishapanda, utafika kwa Minza."

Sasa, Kiswahili cha Limi alikuwa amekijifunzia shambani, kwenye mafunzo ya pamba, na huko kupanda kulikuwa na maana moja. Panda mapema, panda kwa mistari, usipande mbegu iliyolowa. Nyumbani kwake walisema Kisukuma, na kwa Kisukuma kupanda mbegu na kupanda chombo ni maneno mawili yasiyojuana. Kwa hiyo aliibeba fremu kichwani hadi nyumbani, akachimba shimo pale mchanga unapokutana na udongo mweusi wa mbuga, akaipanda. Shimo alilifanya refu, maana mbegu yenyewe ilikuwa kubwa.

Mvua za vuli zilipoanza, fremu iliota. Kwanza zilichomoza ncha mbili za usukani, laini, rangi ya kijani. Zikafuata spoku, nyembamba, zikajipanga zenyewe kwenye ringi. Bwana shamba Bartholomeo alipita na kitabu chake, akazunguka mche, akaushika shina.

"Umeshika vizuri," alisema. "Ila nafasi, mama. Ukipanda mwingine, acha hatua tatu kati ya mche na mche. Na hii samadi ni mbichi mno, utaunguza mnyororo."

Limi alibadilisha samadi. Alipalilia. Kuku walipoanza kulala kwenye kereji, pale pa kufungia mizigo, aliwafukuza kwa ufagio, akijua tabia yao. Matairi ndiyo yalichelewa; yalitoka mekundu kama majani machanga ya mwembe, yakakaa juani wiki nzima ndipo yakaiva kuwa meusi. Asubuhi moja kengele ilifunguka na kulia yenyewe, na hapo Limi alijua imekomaa. Aliikata kwenye kikonyo kwa panga, akaikokota hadi dukani kwa Mumtaz, ambaye wateja walimwita Mama Pinky kwa jina la bintiye.

"Mama Pinky, nimepanda. Imeota."

Mumtaz alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Kisha akamweleza, neno kwa neno, kwamba kuna kupanda na kuna kupanda. Limi naye alicheka, akakaa chini, akacheka tena. Walipomaliza, Mumtaz aliinama akakagua mnyororo, akaukuta una grisi yake ya asili, akauliza kama mwakani mti hautaweza kuzaa za kike, zisizo na bomba la katikati. Breki ndiyo peke yake haikuota.

Akamfundisha kuendesha palepale uani. Mumtaz alishika kereji kwa nyuma, Limi akakanyaga pedeli, wakaangusha rundo la ndoo. Ilipofika alasiri alikuwa anazunguka kisima peke yake, kitenge amekifunga mapajani, jasho linamtiririka, na furaha aliyokuwa nayo haikufichika hata kidogo.

Juma lililofuata alifunga kwenye kereji unga, doti ya kanga na nanasi, akashika njia ya ziwani kabla jua halijakolea.

Barabara ile ni tambarare kama mkeka. Moramu mpya ilikuwa nyekundu, imeshindiliwa, na changarawe ndogo zilikuwa zikisagika chini ya matairi kwa sauti ya mtu anayetafuna karanga bila haraka. Kulia mihogo, kushoto majaruba ya mpunga yamejaa maji, na yangeyange wamesimama ndani yake hawana shughuli na mtu. Limi alikanyaga. Magoti yaliyokuwa yakimsumbua miaka yote yalizunguka tu, kimya, yakawa kama magoti ya mtu mwingine. Alipopishana na waendesha baiskeli waliobeba mikungu ya ndizi, walimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu!" yaani habari za asubuhi, mama, naye aliitikia bila kuachia usukani, jambo aliloliona ni ufundi mkubwa.

Kwenye kalavati alilowahi kukalia akikanda magoti hakusimama yeye, ilisimama baiskeli. Ilikuwa na kiu. Ilishuka taratibu ukingoni, ikaingiza tairi la mbele kwenye maji kati ya mafunjo, ikanywa. Limi alingoja, akamenya kipande cha nanasi. Aliangalia pale alipokuwa amekaa siku ile, na roho ilimuuma, kisha ikatulia. Baiskeli iliposhiba, ilitikisa spoku, wakaendelea.

Mbuga ikaisha, mchanga ukaanza, na harufu ya dagaa walioanikwa ikaja kabla ziwa lenyewe halijaonekana. Kisha ziwa likaonekana lote kwa mara moja. Baiskeli iliinamia upande wa jua, kama ilivyo desturi ya kitu kilichootea shambani, na Limi akalazimika kuegemea upande wa pili hadi mlangoni kwa Minza.

"Mayu, mbona jua bado liko juu?" Minza aliuliza. Ndilo jambo pekee lililomshangaza.

Mtoto alizaliwa siku mbili baadaye, mikononi mwa bibi yake. Alikuwa wa kike, akalia vizuri, akapewa jina la Limi. Bibi alimkanda mzazi, akapika uji, akakaa hadi kitovu kilipoanguka. Jioni alikuwa akiiegesha baiskeli majini, na wavua dagaa wakipita waliikwepa wasiikanyage mizizi midogo iliyokuwa ikijaribu kutoka kwenye pedeli.

Aliporudi nyumbani alikuta watu wamekaa shambani. Mti ulikuwa umezaa tena, baiskeli mbili, moja ikiwa tayari na kengele. Chini yake alikuwapo Masele, amekuja na baiskeli ya marehemu kaka yake, pamoja na wazee wa ukoo na mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa Mzinza, si Msukuma, hivyo kikao kiliendeshwa kwa Kiswahili ili naye afuatilie.

Limi alishuka kabla hajawafikia, kama heshima inavyotaka, akapiga goti, akasalimia.

Kikao hakikuwa kirefu. Mzee mkubwa alisema shamba ni la ukoo, na kinachoota kwenye shamba la ukoo ni cha ukoo. Limi alisema mbegu alipewa yeye. Mzee alimjibu kwa upole kwamba hata mbegu ya mahindi mtu hupewa, na bado mahindi yana mwenyewe. Bwana shamba Bartholomeo, aliyealikwa, alisema yeye anashughulika na mazao, si mirathi.

"Tusiumizane," mzee alihitimisha. "Shemeji yetu hatumfukuzi. Kuvuna ni kazi yetu. Kazi ya Limi ni kupanda. Apande, wala asizuiwe na mtu."

Mwenyekiti alirudia maneno hayo kwa sauti ili kila mmoja ayasikie, na wote wakakubali, Masele kwa sauti kuliko wengine. Kisha Masele akaichukua na ile ambayo Limi alikuwa ameishika.

Limi aliwaaga, akawasindikiza hadi njiani. Alikuwa na hasira, na aliijua kuwa ni hasira. Lakini alipokuwa anarudi aliyarudia maneno ya mzee polepole, akaanza kutabasamu.

Tangu hapo mti huzaa kila msimu wa mvua, na kila msimu Masele huja kuvuna akapeleke gulioni Runzewe. Aghalabu hukuta kikonyo kimekatwa na kinadondosha grisi. Hukaa juu ya gunia lake akisubiri. Siku ya pili au ya tatu, jua likielekea kuzama, Limi hutokea kwenye moramu, mavumbi mekundu hadi kwenye nyusi, anapiga kengele.

"Shemeji, hiyo ni ya ukoo," Masele husema.

"Ndiyo, shemeji. Nilikuwa napanda. Si mlisema nisizuiwe?"

Masele alikuwapo kwenye kikao, na alikubali kwa sauti kubwa. Hupangusa matairi kwa shati lake, hupakia, huondoka. Limi huingia ndani kwa miguu, akachemsha maji ya kuoga.

Kule Kasenyi, Limi mdogo ameshajua kusema. Kila bibi yake anapopanda kuondoka humshika kitenge na kumuuliza atarudi lini, naye humjibu, "Ikiiva."