Mdiria wa Nestory

Nestory Luhaga alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Mkuyuni, na kamera ya bei kubwa kuliko zote katika kundi lao la wapiga picha za ndege. Picha zake hazikufaa kitu. Ndege alikaa katikati kabisa, nyuma yake takataka zote za mwaloni wanakoshushia samaki, na rangi alizikoleza kwenye simu hadi ziwa likafanana na maji ya bluu ya kufulia.

"Hii ni picha ya pasipoti," Teodora alimwandikia kwenye kundi, mbele ya wote. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na kukosoa wenzake hakukumpa shida. "Mwachie ndege nafasi mbele ya macho yake. Na rangi ziache kama Mungu alivyoziumba."

Nestory alijibu kwa kutuma kidole gumba. Teodora akamdharau hata kwa hilo.

Haukupita muda picha za Nestory zikabadilika. Mdiria mdogo wa buluu, kifua rangi ya chungwa, ametua kwenye tete upande wa kushoto, anatazama nafasi tupu iliyo kulia. Nyuma yake kijani kitupu, laini, bila doa. Kundi zima likapongeza. Teodora alizikuza picha zile akitafuta kasoro. Hakuiona, ila alishangaa kwamba kila mara ndege alikuwa kwenye tete lilelile. Akaomba waende pamoja.

Nestory hakusita. Alifurahi kwamba mwalimu anakuja kujifunza kwake.

Jumamosi asubuhi, ufukweni Pasiansi, alimpeleka kwenye matete. Shuka la kijani lilikuwa limetandazwa kati ya miti miwili. Mbele yake alikaa mdiria. Teodora aliposogea, ndege akaruka, akavutwa, akarudi kwenye tete akining'inia. Mguu wake ulikuwa umefungwa kwa uzi wa nyavu, na ngozi imechubuka.

"Umemfunga," Teodora alisema.

"Uzi wenyewe mwembamba, kwenye picha nafuta." Nestory alikuwa tayari amepiga goti. "Yule wa kwanza alikufa mapema. Huyu ana nguvu. Sogea kidogo, mwalimu, unaniwekea kivuli."

Teodora hakusogea.

"Si wewe uliyesema apewe nafasi mbele ya macho?" Nestory aliuliza. "Akiwa huru hakai unapotaka."

"Nilidhani huna jicho tu," Teodora alisema. "Kumbe huna hata utu."

Alitoa mkasi mdogo mkobani, akamshika ndege kwa kiganja, akakata uzi. Mdiria alianguka kwenye maji ya kina kifupi, akapigapiga mabawa, kisha akaruka chini chini akapotelea kwenye matete. Wakati wote huo kamera ya Nestory ililia mfululizo.

"Zote zimetikisika," alisema, akitazama kioo cha kamera. "Umeniharibia."

Teodora alilivuta shuka, akalikunja, akaondoka nalo. Nestory alimwita, hakugeuka.

Jioni Teodora aliandika kwenye kundi yote aliyoyaona. Pius, kiongozi wao, alijibu kwamba wanachama waheshimiane na mambo binafsi wayamalize faragha. Kisha Hadiya, mwanachama mwingine, akauliza shuka la kijani kama lile linauzwa wapi, maana lake limepauka.

Teodora alijitoa kwenye kundi kabla mtu hajamjibu Hadiya.