Mwanachama wa Ishirini

Siku za jua chama hakikuleta mgeni. Wageni waliletwa mvua ikinyesha, kwa sababu siku kavu chumba cha shangazi kilikuwa chumba tu kama vingine, kidogo, kisafi, chenye ndoo tupu katikati ya sakafu. Binti wa kaka yake, msusi wa nywele na katibu wa chama cha kusaidia jamii, alitazama mawingu kuliko mkulima. Likitanda moja jeusi, alimwacha mteja na nusu kichwa, akapiga simu.

"Shangazi, leo nakuja na mtu. Ndoo umeimwaga?"

"Haijajaa bado."

"Basi usiimwage."

Shangazi alikuwa dobi. Miaka thelathini alifua na kupiga pasi nguo za watu, mpaka kifua kikagoma, na sasa mwanamke aliyekausha mashuka ya nusu ya mtaa alilalia shuka lisilokauka. Daktari hakumficha: kifua hiki hakitavuka msimu mwingine wa mvua ndani ya unyevu ule.

Na mabati mapya yalikuwepo! Hilo ndilo lililomuuma. Mabati sita, yamelala stoo ya chama mwaka wa tatu sasa, yaliyonunuliwa na wanachama wa mwanzo waliotaka kuezeka siku hiyohiyo. Msusi ndiye aliyewazuia. Alikuwa amegundua kitu. Mtu ukimwandikia barua, anakuahidi. Ukimkalisha kikaoni, anasinzia. Lakini mwingize kwenye chumba kile, asikie tone likigonga ndoo, amwone mzee akilia na kumshukuru kabla hajatoa chochote, atajiandikisha papo hapo. Waliingia kumi na wanne, wakatia sahihi kumi na watatu. Yule mmoja aliletwa siku ambayo mvua ilikatika njiani.

"Tukifika ishirini tu, shangazi, tunaezeka," alimwahidi. Chini ya ishirini, kwa kanuni zao, chama kinaweza kufutwa wakati wowote. Ila wanachama wenyewe waliingia kwa mlango wakatoka kwa dirisha. Huyu alihama, yule alichoka na vikao, mwingine alikuja mara moja apigwe picha. Kumi na nane, kumi na tisa, kumi na saba. Shangazi aliijua idadi yao kuliko mwenyekiti, na leo walikuwa kumi na tisa.

Kwa hiyo alijiandaa. Alivaa gauni lililochanika kwapani, akasukuma chini ya kitanda blanketi jipya alilopewa na jirani. Msimcheke. Mfa maji haishi kutapatapa.

Mgeni alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mnene, mpole, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Shangazi alimpenda hapohapo. Huyu anauza mabati, alijiambia, akitazama juu ataona kazi ya kufanywa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa upande huo, huku kunalowa."

Machozi yakaja. Siku nyingine aliyatafuta, akamfikiria marehemu mumewe mpaka yachuruzike. Leo yalimtoka yenyewe, na kikohozi juu yake, kwa maana huyu ndiye wa ishirini. Mgeni hakungoja hata kuombwa. Akatoa kalamu, akainamia meza ya kupigia pasi, akatia sahihi.

"Ishirini!" Msusi akapiga kigelegele.

"Ishirini," shangazi akasema, akijifuta uso. "Basi mwanangu, ahadi ni deni. Mabati yaletwe."

"Mabati gani?" mgeni akauliza.

Msusi akamshika mkono, wakatoka wakasimama upenuni. Alisahau kwamba dirisha la shangazi halina kioo. Akamweleza yote: mabati sita, stoo, kumi na watatu kwa kumi na wanne. Ndani, shangazi alikunja shuka mikononi akisubiri mgeni afoke. Alitamani sana afoke.

"Ngoja," mgeni akasema. "Kumi na watatu kwa kumi na wanne?"

"Ndiyo."

"Dukani kwangu wakiingia kumi na wanne, wananunua watatu." Akacheka kidogo, kwa heshima. "Ila dada, unakosea mahali pamoja. Unawaonyesha mara moja tu. Mtu akishajiandikisha, nini kitamrudisha? Vikao? Walete hapa kila mwezi, kwa zamu, wamwage ndoo, wamletee sukari. Watu hawabaki mahali ambapo kazi imekwisha."

"Nilimwahidi tukifika ishirini."

"Ukiezeka leo, mwakani utakuwa na wanachama wanane na paa zuri."

Msusi alijaribu kupinga tena. Hilo tumpe. Habari ya daktari aliijua, kwani ndiye aliyempeleka shangazi yake.

"Na kifua chake?" akauliza.

"Tutamletea dawa. Wanachama wanapenda sana kuleta dawa."

Waliporudi ndani walimkuta ameketi wima kitandani.

"Nimesikia," akasema. "Mimi niliyekuogesha kwa mikono hii. Nimesikia yote."

"Shangazi, si kwamba hatutaezeka. Ni kusubiri kidogo."

"Kusubiri nife?"

"Usiseme hivyo mbele ya mgeni."

Mgeni wala hakuudhika. Alikuwa anakipima chumba kwa macho, kama anavyopima ukuta wa mteja. Alikwenda mlangoni, akasimama pale wanaposimama wageni, akarudi.

"Kuna jambo jingine," akasema taratibu. "Kitanda kimekaa pembeni mno. Anayeingia anaiona ndoo, hamwoni mama. Samahani mama, hebu nyanyuka kidogo."

Shangazi hakunyanyuka. Alimkazia macho binti wa kaka yake. Msusi akainama, macho chini, akashika kitanda upande wa miguuni, na mgeni upande wa kichwani. Wakakibeba na mwenyewe juu yake, maana hakuwa mzito tena, wakakitua katikati ya chumba. Ndoo wakaisukuma kando kwa mguu.

Tone la kwanza lilimpata begani.

"Hapo sasa," mgeni akasema kutoka mlangoni. "Hapo anaonekana. Hebu wapigie wale kumi na tisa, dada, mvua bado ipo."

Na msusi akatoa simu.