Maji ya Haboba Kiden

Jumamosi jioni, Loro, katekista wa parokia, alifika kwa Haboba Kiden mjini Koboko na jerikeni la njano, akaomba maji ya ubatizo. Hakushuka kwenye baiskeli. Bibi huyo, na haboba ni bibi kwa lugha ya huko, alikuwa ameyatoa chunguni mawe ya ukoo wake ya kuombea mvua, ameyaosha, na sasa aliyapaka mafuta ya simsim kwa kidole gumba, moja baada ya jingine, kama anayepaka watoto. Maji yaliyoosha mawe akayamimina jerikenini. Loro akalifunga nyuma kwa mpira, akaondoka.

"Hata asante hana," alisema Lado, mjukuu wake, aliyekuja kutoka Arua na mkewe Mercy kumbatizisha binti yao.

"Mutu nasema asante kwa mchawi?" Kiden akacheka.

Padri Silvester alipohamia parokia ile, alimfungia Kiden mlango wa kanisa kwa ajili ya mawe yale. Tangu Jumapili hiyo maji ya padri yaliacha kulowesha. Yalipita juu ya vichwa vya watoto kama juu ya jani la yugwa, yakadondoka sakafuni punje punje, na nywele zikabaki kavu. Walijaribu maji ya bomba, wakajaribu ya mvua, wakaagiza mengine kutoka hospitali ya Kuluva. Wakubwa wa padri walishauri beseni libadilishwe. Mwishowe akina mama walisema ya Kiden hulowesha, na padri akakubali yaletwe, ila kwa mlango wa nyuma. Kiden mwenyewe hakufunguliwa.

Utotoni Lado alidhani padri wa wakati ule na bibi yake ni watu wa kazi moja. Wote walipaka mafuta kwa kidole gumba. Wote walichovya majani majini wakawarashia watu, na wote walisema damu ya mmoja huwaponya wengi.

"Nani aliiga mwenzake, Haboba?" alimuuliza jioni hiyo.

"Maji iko mzee kuliko sisi yote," alisema Kiden. "Mimi nataka kitu moja tu. Kwetu nyanya ndio nashika mtoto wakati maji naanguka. Nilishika baba yako, nilishika wewe. Huyu pia nataka nishike."

Asubuhi, kabla ya misa, Lado aliingia sakristia, akayamwaga maji yale mtaroni, akajaza jerikeni kwa maji ya bomba. Aliona kwamba wakiyataka maji, itabidi wamtake na mwenyewe.

Kiden alikaa nje chini ya dirisha, mahali pake pa kila Jumapili, palipofungwa mbuzi wa karamu. Mlangoni alisimama Patricia, mkuu wa akina mama, mikono kifuani.

Padri alimimina. Maji yakaviringika juu ya kichwa cha mtoto, yakadunda sakafuni. Mama mmoja wa mbele aliinua miguu yapite. Kwaya ikaongeza ubeti.

"Haya si ya Kiden," alisema padri, kama mtu aliyeonja mchuzi usio na chumvi.

"Mwenyewe yuko dirishani," alisema Lado. "Aingie amshike mtoto, utayapata."

"Mchawi haingii nyumba ya Mungu."

"Na maji yake je?"

"Maji ni maji. Mimi naweza kungoja, Lado. Mtoto wako je?"

"We mutu ya Arua!" Patricia alipaza sauti. "Umezoea kelele ya mpira huko Onduparaka. Hapa si uwanja!" Watu wakacheka. Mtoto akaanza kulia.

Ndipo mkono wenye kibuyu cha maji ukaingia dirishani.

"Rudisha, Haboba," Lado alisema. "Nakuomba."

"Mtoto nalia," alisema Kiden. "Chukua."

Padri alikipokea. Alikifuta kibuyu pande zote kwa leso, akampa Loro ile leso akaichome. Kisha, kwa kuwa ibada ilikuwa imekatika, alianza upya na maswali ya wazazi.

"Unamkataa Shetani na kazi zake zote?"

Waumini wote waligeukia dirisha, kama walivyozoea kwenye swali hilo. Kiden naye alikuwa akimtazama Lado, akingoja. Mercy alimfinya mumewe kiwiko. Mate yalimjaa Lado mdomoni, machungu kama nyongo. Hakupata pa kuyatema, akayameza.

"Namkataa," alisema.

Maji yakaanguka, yakalowesha. Nywele za mtoto zilishikamana na ngozi, akanyamaza. Patricia alivuka kanisa akalifunga dirisha, akisema harufu ya simsim inawasumbua wagonjwa.

"Lado!" sauti iliita nyuma ya mbao. "Imelowa?"

"Imelowa, Haboba."

"Mpaka nyuma ya masikio?"

Lado alipitisha kidole. "Mpaka nyuma ya masikio."

Huko nje Kiden akapiga vigelegele peke yake. Padri alimwashiria mwalimu wa kwaya, na kwaya ikapandisha sauti mpaka havikusikika tena.