Bakuli la Kufungulia Siku

Ulipita. Usiniambie hukupita. Ulikuwa umeinamia simu, unaiuliza pa kula vizuri katika mji wa Hue, Vietnam, na mbele ya viatu vyako mgambo wa kata walikuwa wanarusha vigoda vya mwanamke ndani ya lori. Kimoja kilidunda karibu na mguu wako. Ukakiruka. Ukaendelea kuiuliza simu.

Basi sikiliza ulichokikimbia.

"Taratibu na hicho chekundu," Thuyen alimwambia mgambo aliyeshika kigoda cha mwisho. "Mguu wake nimeufunga kwa waya. Utakuchoma."

Mgambo akakigeuza kwa adabu, akautazama waya, kisha akakirusha.

Thuyen hakulia. Alisimama na mzegazega wake begani: kikapu cha mbele kimebeba sufuria ya supu juu ya jiko la mkaa, cha nyuma kimebeba wali na vibakuli. Sheria inakataza kutua mzigo kando ya barabara, kwa hiyo hakutua. Ufito wa mwanzi ulilia kidogo kila alipopumua.

Alikuwa anauza wali wa kome. Kome wa mtoni, wadogo kama ukucha wa mtoto mchanga, chakula cha watu wa Hue walipokuwa hawana kingine: wali uliopoa tangu jana, kome juu yake, ua la mgomba lililokatwa jembamba, karanga, pilipili, supu, na kamba waliosagwa wakavundikwa kwa chumvi, wenye harufu inayofika kwako kabla ya salamu. Mama yake alikaa pembe hiyohiyo ya barabara miaka ya foleni za mchele, kuuza kulipokuwa kosa, akiificha sufuria chini ya koti la mvua. Alifukuzwa, akarudi. Akafukuzwa tena, akarudi tena. Waliomfukuza walistaafu, wakaja kula.

Leo lori liliitwa kwa ajili ya Bwana Khoat. Asubuhi hiyo, jengo la pili kutoka pembeni, Khoat alikuwa anafungua mkahawa wa vioo. Na kilichoandikwa mlangoni kwa taa za rangi ni nini? Wali wa kome. Alitaka pembe iwe safi kabla mgeni wake hajafika.

"Shangazi," alisema Toan, mkuu wa mgambo, akimkwepa macho, "nenda nyumbani leo. Kesho tutaona."

"Amri ya kata hiyo, au ya Khoat?"

"Shangazi, mimi nina wakubwa."

"Ulikuwa na tumbo kabla hujawa na wakubwa. Nani alilijaza ulipokuwa unaenda shule?"

Toan akakagua magurudumu ya lori, ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Thuyen alijua maana ya hiyo "kesho". Pembe iliyoachwa siku kama ile ni pembe iliyopotea. Jioni Khoat angepanga maua yake pale, kesho meza, na mwaka ujao watu wangeapa kwamba pamekuwa pake tangu zamani. Watu husahau haraka wakishiba.

Mama Diu, fundi cherehani wa nyumba ya kwanza uchochoroni, akafungua milango yake kwa kishindo.

"Thuyen! Ingia! Sebule yangu si barabara. Au vipi, Toan, kata imeshafika mpaka kitandani kwangu?"

"Haijafika, mama."

"Na isifike! Marehemu mume wangu alikuwa na wivu."

Uchochoro ukacheka. Thuyen akavuka kizingiti, akatua mzigo, na wateja wakajaa mlangoni. Wakasimama tu.

Maana mtu wa Hue anaweza kuvunja sheria ya kata, lakini hawezi kuwa mteja wa kwanza hivihivi. Mteja wa kwanza ndiye anayefungua siku. Mkono wake ukiwa mwepesi, sufuria itakwanguliwa kabla jua halijakomaa. Ukiwa mzito, muuzaji atawasha karatasi, atapunga moshi kufukuza nuksi, na bado inzi watakuwa wengi kuliko wateja. Na siku iliyoanza kwa lori, nani athubutu?

"Fungua wewe," fundi baiskeli alimwambia kinyozi.

"Mimi? Mke wangu mjamzito. Mkono wangu ni jiwe. Wewe je?"

"Nimetoka msibani juzi."

"Basi tufe njaa kwa heshima."

Supu ikachemka bure. Thuyen akaupuliza mkaa, kwa kuwa mikono inahitaji kazi.

Khoat naye, pamoja na suti yake, ni mtu wa Hue. Hakuachia ufunguzi wake bahati nasibu. Alipeleleza nani ana mkono mwepesi kuliko wote na mwaka wa kuzaliwa unaopatana na wake, akamwalika Bibi Khue. Wajukuu wa Bibi Khue hawaugui, mzee wake bado anaendesha baiskeli, na kila mwaka mpya majirani hugombania unyayo wake uwe wa kwanza kuingia kwao. Khoat alimtumia gari. Gari likakuta barabara imezibwa na lori, lilelile aliloliita mwenyewe. Dereva akazunguka, akamshusha bibi nyuma ya uchochoro, naye akaja kwa miguu, vazi la zambarau, mwavuli mkononi, mpaka harufu ya kamba ikamshika pua.

Akasimama.

"Supu hii naijua. Mwenye sufuria yu hai?"

"Alishafariki, bibi. Mimi ni binti yake."

"Alinilisha nikiwa na mimba ya kwanza, mchele wa foleni umekwisha. Askari walipokuja akanificha nyuma ya mti, mimi na bakuli langu." Akachungulia ndani. "Mbona mmesimama midomo mitupu? Nani amefungua?"

Uchochoro mzima ulijua bibi huyu ni mgeni wa nani.

"Bado, bibi," alisema Thuyen. "Lakini wewe unasubiriwa kule."

Bibi Khue akatazama vioo, taa na maua. Akatazama vigoda vilivyolala miguu juu ndani ya lori. Hakuwa mtoto; alijua mkono wake unafanya nini.

"Nipe bakuli," alisema. "Na pilipili usinionee huruma."

Akaanza kuchuchumaa, mama wa umri ule, sakafuni. Toan hakuvumilia. Alipanda lori, akashuka na kigoda chekundu, akakifuta kwa mkono wa sare yake.

"Keti, bibi."

"Hiki si ushahidi, mjukuu wangu?"

"Ni kigoda, bibi."

Hapo Khoat akatokea mbio, tai imeruka begani. "Bibi! Usile! Meza yako iko huku!"

Kijiko kilikuwa kimeshaingia. Karanga zikalia menoni. Machozi ya pilipili yakamshuka bibi, naye akatabasamu.

"Khoat, wali wako umepoa?"

"Hapana, bibi! Wa moto, unatoka jikoni sasa hivi!"

"Wali wa kome, wa moto!" Mama Diu akapiga yowe. "Leteni karatasi tumwashie, maskini!"

Kicheko kilitoka dirisha hadi dirisha. Bibi Khue akala mpaka tone la mwisho, akalipa bila kuomba apunguziwe, akasema kwa sauti iliyofika barabarani:

"Nimefungua."

Ungeona! Kinyozi aliruka kizingiti. Milango ikafunguliwa, nyumba baada ya nyumba, sebule zote zikawa meza za Thuyen. Vigoda vikashuka kutoka lorini mkono kwa mkono, na waliovishusha ni mgambo wenyewe, kwa kuwa nao walikuwa hawajala. Khoat akazima taa zake, akaenda kutafuta tarehe nyingine. Na Thuyen, bega jekundu, upawa wa supu mkononi, alikuwa anacheka kwa kinywa kipana mpaka sufuria ikakwanguliwa.

Lori tupu liliondoka kinyumenyume, likipiga honi kwa adabu.

Litarudi. Yalimrudia mama yake, yatamrudia yeye. Alfajiri Thuyen atatua mzigo pembeni, na kigoda chekundu chenye mguu wa waya kitakuwa pale, kitupu, kikimsubiri wa kwanza. Zima hiyo simu. Wepesi wa mkono wako hutaujua mpaka uunyooshe. Inuka sasa hivi, nenda, keti, useme: nipe bakuli.